Detroit haikuanza kudidimia mwaka 1967
Kila ukizuka mjadala wa nini kifanyike kuhusu Detroit, Marekani, hakosekani wa kusema kwamba mji ule uliuawa na ghasia za Julai 1967 kati ya wakazi Weusi na polisi. Kabla ya hapo, eti, mambo yalikuwa shwari.

Sensa inakataa. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao milioni 1.85; mwaka 1960 walikuwa milioni 1.67. Yaani pengo la karibu watu 180,000, miaka saba kabla ya ghasia. Viwanda vya magari vilikuwa vikihamia vitongojini, kwenye ardhi tele ya kujenga viwanda vipana vya ghorofa moja. Kampuni ya magari ya Packard ilifunga kiwanda chake mjini humo mwaka 1956. Barabara kuu mpya na mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali viliwarahisishia Wazungu kuhama, huku Weusi wakinyimwa mikopo hiyohiyo. Kodi ikaondoka, madeni yakabaki.

Ghasia ziliongeza kasi ya kuhama, hilo halina ubishi. Lakini anayeanzia hapo huishia kutafuta dawa kwa polisi, akausahau mpaka wa kiutawala unaotenga mapato ya vitongoji na mahitaji ya mji (kwangu, hapo ndipo penye uzito). Detroit iliomba kufilisiwa Julai 2013, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 18.