Je, wajua kwa nini hundi moja ya Marekani ya zamani iliandikwa mara tatu?

Ukifungua barua za wafanyabiashara wa Philadelphia, Charleston au Virginia za miaka ya 1700, utakutana na maneno yanayorudi tena na tena: hundi ya kwanza imo humu ndani, ya pili inakuja kwa meli nyingine, ya tatu itafuata. Nilipoanza kuzisoma nilielewa kwamba hayo ni malipo ya awamu. Mtu anadaiwa pauni 300, nikajiambia, kwa hiyo analipa 100 leo, 100 mwezi ujao, na 100 msimu ukiisha. Nilizisoma hivyo kwa muda mrefu, na kila hesabu niliyojaribu kuifuata ilikataa kulingana.

Ukweli ni kwamba zote tatu ni hundi moja, na pauni ni 100 tu. Jibu limo ndani ya maandishi yake. Ya kwanza husema kwa maana hii: siku 60 baada ya kuonyeshwa hundi yangu hii ya kwanza, iwapo ya pili na ya tatu hazijalipwa, mlipe fulani, au yeyote atakayemwagiza, pauni kadhaa. Ya pili inarudia maneno yaleyale, ila inasema: iwapo ya kwanza na ya tatu hazijalipwa. Nakala itakayotangulia kufika ndiyo yenye fedha. Ikishalipwa, nyingine zinakufa papo hapo.

Kosa langu lilikuwa na mzizi mrefu zaidi. Nilidhani malipo ya biashara kati ya London na makoloni ya Uingereza huko Marekani yalivuka bahari ya Atlantiki kama fedha yenyewe: tumbaku inakwenda London, sanduku la sarafu linarudi Virginia. Nadhani wengi tunalifikiria hivyo, kwa sababu picha za meli za zamani hazikosi sanduku la dhahabu. Lakini makoloni yale yalikuwa na njaa ya sarafu. Uingereza haikuyapelekea sarafu zake kwa kiasi cha kutosha, na zilizopatikana huko ziliishia kulipia nguo, misumari na vyombo kutoka ng'ambo. Sarafu iliyoonekana zaidi mikononi mwa watu ilikuwa dola ya fedha ya Kihispania, iliyopigwa Meksiko na Peru. Hata hiyo haikuwa na bei moja: London ilihesabiwa shilingi 4 na peni 6, Virginia shilingi 6, Philadelphia shilingi 7 na peni 6, New York shilingi 8. Pauni ya koloni moja haikuwa pauni ya koloni jirani, wala haikuwa pauni ya London.

George Washington, kabla hajawa jenerali, alikuwa mkulima wa tumbaku aliyeiandikia nyumba ya biashara ya Robert Cary huko London. Tumbaku yake ilipandwa, ikavunwa na kufungwa kwenye mapipa na watumwa. Cary akaiuza kwa niaba yake, akakata nauli, ushuru na kamisheni yake, kisha akaandika salio kwenye hesabu ya Washington. Salio hilo halikupakiwa melini. Lilibaki London, ndani ya daftari, na Washington akalitumia kwa kuagiza bidhaa au kwa kuandika hundi. Salio lilipokwisha aliendelea kuagiza, na kufikia mwaka 1764 alikuwa anadaiwa na Cary karibu pauni 1,800. Agosti mwaka huo aliandika barua ya kujieleza, akataja mavuno mabaya ya miaka iliyotangulia.

Sasa, hundi ilifanyaje kazi? Tuichukue kwa mfano wa karibu. Mama mmoja wa Mbeya amemuuzia Juma wa Dar es Salaam mchele, na Juma bado hajamlipa shilingi laki tano. Mbeya hiyohiyo yuko mwalimu ambaye mwanawe anasoma Dar na anatakiwa kulipa ada ya laki tano. Mwalimu anampa yule mama fedha taslimu palepale Mbeya. Mama anaandika karatasi: Juma, zile laki tano zangu mpe kijana huyu. Kijana anaipokea karatasi, anamwendea Juma, analipwa. Madeni mawili yamekwisha, mama ana fedha yake, ada imelipwa, na hakuna noti iliyopanda basi.

Weka Virginia mahali pa Mbeya na London mahali pa Dar. Mama ni mkulima mwenye salio kwa wakala wa tumbaku, na mwalimu ni mwenye duka anayedaiwa na muuza nguo wa London. Mwenye duka ananunua hundi ya mkulima kwa fedha ya koloni, kwa bei inayopanda na kushuka kulingana na wingi wa hundi sokoni, kisha anaituma kwa muuza nguo wake. Wasomaji wa pwani yetu hawatashangaa: neno lenyewe hundi lilitufikia kutoka India, na hawala kutoka Uarabuni, pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi iliyoendeshwa kwa karatasi za namna hii. Siku hizi tunaposema hundi tunafikiria benki. Zile za Marekani hazikuhitaji benki, maana benki ya kwanza huko ilifungua milango Philadelphia mwaka 1782 tu.

Hapa ndipo nakala tatu zinapopata maana. Rudi kwa yule mama. Karatasi moja anampa kondakta wa basi la alfajiri, nyingine anaituma kwa dereva wa lori, ya tatu anampa shemeji yake anayesafiri wiki ijayo. Basi likiharibika Mikumi, kijana hakosi ada. Atlantiki ilikuwa na hatari kubwa kuliko hizo: dhoruba, barafu, na wakati wa vita meli za adui. Barua ingeweza kuchukua miezi miwili njiani, na jibu miezi mingine miwili. Kungoja upate habari kwamba karatasi imezama ndipo uandike nyingine kungemaliza nusu mwaka. Kwa hiyo ziliandikwa zote siku moja, zikapewa manahodha tofauti. Si lazima ziwe tatu. Za Bunge la Marekani, zilizolipa riba ya mikopo yake ya ndani kupitia wajumbe wake Paris, zilitoka nne nne, nyingine za kiasi kidogo kama dola 12, na zote zilipaswa kukaguliwa moja moja ili ya pili isilipwe baada ya ya kwanza. Benjamin Franklin, balozi wa Marekani huko Ufaransa, alilalamikia ukubwa wa kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo bado linanivutia kila ninapolifikiria. Noti ikipita mikononi mwa watu wengi inachakaa. Hundi ilipata nguvu. Kila aliyeipokea na kuipitisha kwa mwingine alitia sahihi nyuma yake, na kila aliyetia sahihi alibeba dhamana. Aliyeandikiwa alipe akikataa, mthibitishaji wa hati alirekodi rasmi kukataa huko, na hundi ikaanza safari ya kurudi, ikimdai kila aliyetia sahihi hadi kwa aliyeiandika, pamoja na fidia ambayo sheria za baadhi ya makoloni ziliiweka juu sana. Hundi yenye sahihi tano za watu wanaojulikana ilikuwa salama kuliko yenye moja.

Henry Laurens wa Charleston aliijua kazi hii kuliko wengi. Utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na kuuza watu. Alipokea mateka waliosafirishwa kutoka Kisiwa cha Bunce, Sierra Leone, ambacho Richard Oswald wa London alikuwa mmoja wa wamiliki wake, akawauza mnada kwa kamisheni, na mapato yakarudi London kwa mpunga na kwa hundi. Kwenye karatasi kulikuwa na kiasi na tarehe. Majina ya waliouzwa hayakuwemo.

Vita vya uhuru vilipopamba moto, Bunge lilijaribu mbinu ileile bila salio. Novemba 1779 liliamua kuandika hundi za pauni 100,000 za kulipwa na John Jay, mjumbe wake aliyekuwa njiani kwenda Uhispania, na nyingine za pauni 100,000 za kulipwa na Laurens, aliyeteuliwa kwenda Uholanzi lakini bado hajaondoka Marekani. Matumaini yalikuwa kwamba hundi zikiiva, miezi sita baada ya kuonyeshwa, mabalozi hao watakuwa wameshapata mikopo. Ni kama mama wa Mbeya angemwandikia Juma kabla hajamuuzia hata gunia moja.

Laurens alipanda meli Agosti 1780. Mwezi uliofuata Waingereza wakaikamata karibu na Newfoundland. Mfuko wa nyaraka zake ukatupwa baharini lakini haukuwahi kuzama, wakauvua, na yeye akafungwa katika Mnara wa London. Hundi zenye jina lake zikaendelea kuwasili Amsterdam zikimtafuta. John Adams, mjumbe mwingine wa Marekani aliyekuwa huko, akazipokea kwa niaba yake, na Franklin akakubali kuzilipa kutoka Paris. Huko Madrid, Machi 1782, Jay aliishiwa kabisa na hundi zake zikakataliwa rasmi. Franklin tena ndiye aliyepata fedha za kuzikomboa, kwa msaada wa mfalme wa Ufaransa. Aliyemwekea Laurens dhamana ya kutoka Mnarani, mwisho wa 1781, alikuwa yuleyule Oswald. Mwaka uliofuata wakakutana Paris kwenye mazungumzo ya amani, kila mmoja upande wake.

Tatizo halikwisha na vita. Robert Morris, msimamizi wa fedha wa Marekani, aliendelea kuwaandikia wenye mabenki wa Uholanzi hundi zilizozidi fedha iliyokuwepo. Januari 1784 Adams, akiwa hana afya nzuri, alivuka kutoka Harwich pamoja na mwanawe John Quincy, katikati ya dhoruba na barafu, ili azuie hundi hizo zisikataliwe. Machi alitia sahihi mkopo wa gilda milioni 2, kwa masharti ghali, na hundi za Morris zikalipwa, kila moja kwa nakala iliyotangulia kufika.