"Imba kwa tumbo" haimaanishi kaza tumbo

Jamani hili neno linatumika vibaya mno. Nenda mazoezi ya kwaya yoyote, fungua klipu yoyote ya mafunzo ya kuimba, utasikia tu "toa sauti tumboni, imba kwa diaframu", na kabla mtu hajauliza hiyo diaframu ni kitu gani ameshaambiwa akaze tumbo na apige noti.

Maana yenyewe ni fupi. Kuimba kwa tumbo ni kuvuta pumzi ikashuka chini bila kupandisha mabega, halafu kuiachia polepole kadiri mstari wa wimbo unavyohitaji. Basi. Hewa haiingii tumboni, inaishia kwenye mapafu. Diaframu, ile ambayo shuleni tuliiita kiwambo, ni msuli mpana wenye umbo la kuba kati ya kifua na tumbo, umejishikiza kwenye mbavu za chini na kwenye uti wa mgongo upande wa kiunoni. Ukivuta pumzi unashuka, unasukuma ini na utumbo, ndo maana tumbo linatokeza.

Sasa hapa ndipo tunapopotezana. Diaframu ni msuli wa KUVUTA pumzi. Ukiimba unatoa pumzi, kwa hiyo muda wote huo yenyewe inarudi juu, haina uwezo wa kusukuma sauti nje hata uambiwe mara ngapi. Halafu huwezi kuihisi moja kwa moja, unachohisi ni mbavu kufunguka, tumbo kusogea, mgongo wa chini kujaa. Kwa hiyo mwalimu akisema "kaza diaframu" mwanafunzi hana pa kushika, anakaza kile anachokipata, yaani tumbo la mbele, na shingo nayo inafuata.

Na kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelisema. Mapafu yakishajaa vizuri yanataka yenyewe kurudi yalivyokuwa, kama puto ukiliachia mdomo, hewa inatoka bila wewe kusukuma chochote. Mwanzo wa mstari, hasa kama unaimba taratibu, presha hiyo ya bure imeshazidi ile unayoihitaji. Kazi yako pale ni kuzuia. Misuli ya kuvuta pumzi, ile ya kati ya mbavu pamoja na diaframu, inabaki imeshikilia kidogo wakati hewa inatoka, na inaachia taratibu, halafu hewa ikianza kupungua kuelekea mwisho wa mstari ndipo misuli ya tumbo inaingia kazini kwelikweli. Waitaliano wanaita appoggio, kuegemea, na Francesco Lamperti, aliyefundisha kuimba Milano karne ya 19, alilieleza kama mapambano kati ya misuli inayotaka kuitoa hewa na ile inayoizuia. Huo mvutano ndio sapoti yenyewe, yaani pumzi kuibeba sauti.

Sasa mtu akikaza tumbo tangu noti ya kwanza anaongeza presha mahali ambapo tayari imezidi, na nyuzi za sauti ndizo zinazobaki kubanana ili kuizuia. Mwangalie soprano anayefukuzia noti ya juu kwa staili hiyo: kidevu kimepanda, mishipa ya shingo imetoka, taya limekakamaa, noti yenyewe inapanda kupita pale inapotakiwa maana presha ikizidi sauti nayo inapanda, na watu wanamsifia ameimba kwa nguvu. Jumatatu hana sauti. Inaniuma kwa sababu wengi wao wana sauti nzuri kabisa.

Ndo hapo mambo ya kuusikiliza mwili na yoga yanapoingia, na hapo pia pana kuchanganya. F. M. Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa anaghani Shakespeare jukwaani na sauti ikawa inamkatika. Alijitazama kwenye vioo akighani, akaona kila akianza anavuta kichwa nyuma, anakandamiza koo na kunyakua hewa kwa mdomo kwa kishindo. Hakujua kabisa kwamba anafanya hivyo. Ufahamu wa mwili maana yake ndiyo hiyo, kugundua unachokifanya kabla hujaongeza kingine juu yake.

Yoga inasaidia hapo. Ule mkao wa mtoto, balasana, piga magoti, kalia visigino, inama mpaka paji la uso liguse mkeka. Tumbo linabanwa na mapaja kwa hiyo pumzi inatafuta njia mgongoni na ubavuni. Mwenzako akiweka viganja kwenye mbavu zako za chini kwa nyuma atazisikia zinafunguka, na wewe pia utazisikia, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Baada ya hapo simama pekupeku, vuta pumzi vilevile, toa "sss" ndefu na uangalie mbavu zisianguke zile sekunde za mwanzo. Kama imani yako hairuhusu jina la yoga, liache jina, inama tu ufanye zoezi.

Ila sio kila pumzi ya yoga ni ya kuimbia. Ujjayi, ile unayobana koo kidogo hewa ikapita na mvumo, imetengenezwa kwa ajili ya mikao na utulivu, mwimbaji akiizoea wakati wa kuvuta hewa anajifundisha kubana koo kabla hata hajaanza, wakati pumzi ya kuimba inatakiwa iingie kimya. Kapalabhati nayo, ile ya kupiga tumbo ndani kwa harakaharaka, itakuonyesha tumbo lako liko wapi na linavyofanya kazi, lakini mstari mrefu wa wimbo hauimbwi hivyo, na naona watu wanaifundisha kana kwamba ndiyo sapoti yenyewe.

Kwa hiyo walimu wetu wa kwaya, nawaombeni kitu kidogo tu. Pale unapotaka kusema "kaza tumbo", mwambie "vuta kimya, acha mbavu wazi, anza", mwache aimbe mstari mzima kwa sauti ndogo mpaka mbavu zikae bila kulazimishwa, ndipo umwombe aongeze sauti.