Kabla miembe haijatia maua

Kila mwaka masika yakianza kukatika, swali ninaloulizwa na wafugaji wa nyuki wenzangu hapa Pemba ni moja: tutarina lini? Nami huwarudisha nyuma. Asali ya miembe huanza kutengenezwa wiki sita kabla ya maua, wakati mvua bado zinapiga na hakuna anayetamani kwenda shamba.

Hesabu yake ni nyepesi. Tangu yai kutagwa mpaka kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, kutoka chumbani mwake ndani ya sega zinapita siku kama 20. Akishatoka haendi mauani. Kwanza husafisha vyumba, hulisha majana (watoto wa nyuki), hujenga masega, hupokea mbochi (maji matamu ya maua) inayoletwa na wakubwa zake, hulinda mlango. Zinapita wiki mbili hadi tatu nyengine kabla hajaanza kutoka kutafuta. Kwa hivyo nyuki watakaofanya kazi kwenye miembe ya Julai ni wale ambao malkia ametaga mayai yao mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Kundi likimaliza masika likiwa dhaifu, maua yanapofunguka hula neema yote kwa kujijenga. Likishapata nguvu, maua yamepukutika. Mwenye mzinga anasema mwaka ni mbaya, na jirani yake chini ya miembe ileile anajaza madumu.

Vitabu vingi na video tunazotizama zinatoka Ulaya na Marekani, na huko kazi hii ni ya majira ya machipuko. Kwao baridi ndiyo inayomsimamisha malkia. Jua likirudi Machi na Aprili ndipo wanapofungua mizinga. Kwetu miezi hiyo ndiyo masika yenyewe. Ukifuata kalenda yao utafungua mzinga mvuani, na majana yanataka joto la nyuzi 35 hivi, hayavumilii upepo wa maji. Kinachomsimamisha nyuki wetu ni mvua: haruki, mbochi inazimuliwa na maji, chavua haipatikani, akiba inaliwa, malkia anapunguza kutaga. Machipuko yetu, kama tunalitaka jina hilo, ni pale masika yanapokatika na kipupwe kinapoingia.

Na nyuki wenyewe si wale. Wetu ni nyuki wa pwani, ambao mtaalamu wa nyuki F. G. Smith aliwaainisha mwaka 1961 kwa jina la Apis mellifera litorea. Ni wadogo, wepesi, wakali wakichokozwa, na wana tabia moja ambayo mfugaji wa Ulaya haijui sana: wakikosa chakula au maji, au wakisumbuliwa mno, wanahama wote. Nitarudi kwenye hilo.

Maua tunayoyategemea ni ya nini? Minazi hutoa maua mwaka mzima, na chavua yake ndiyo inayowaweka nyuki hai miezi migumu. Miembe na mikorosho hutia maua kipupwe. Michungwa na milimau hufuata mvua. Pwani kuna mikoko, na kati ya miti yote ya mikokoni mimi nauthamini zaidi mchu, una mbochi nzuri. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, chavua yake huchukuliwa zaidi na upepo, kwa hivyo usipange mizinga kando yake ukitarajia makubwa. Wageni wengi hutaraji asali ya karafuu kwa sababu hiki ni kisiwa cha karafuu. Lakini karafuu huchumwa kabla hazijachanua. Nyuki anabakishiwa zile zilizomshinda mchumaji tu, juu kabisa ya mti.

Ukaguzi wa kwanza unafanywa bila kugusa mzinga. Kaa ubavuni, si mbele ya mlango, asubuhi jua likishapanda kidogo. Tizama miguu ya nyuma ya wanaoingia. Wakibeba vidonge vya chavua, ndani kuna majana ya kulishwa, maana yake malkia yupo na anataga. Mzinga ambao nyuki wanaingia mikono mitupu wakati wa jirani wanabeba, huo ndio wa kufunguliwa kwanza.

Kufungua, fungua jioni, jua likiwa limelegea, ili wakikasirika giza liwatulize kabla hawajafika kwa majirani. Moshi wangu ni wa makumbi ya nazi yaliyokauka. Yanafuka taratibu na moshi wake hauna ukali. Usitie mafuta ya taa wala mpira. Kabla hujaupeleka mlangoni, puliza moshi kwenye mgongo wa mkono wako. Ukikuunguza wewe, nyuki utamchoma mbawa.

Kwenye mzinga wa viunzi, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa juu ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, anza upande wa nyuma, palipo na asali, uje mbele kiunzi kimoja kimoja. Ukifika kwenye majana, simama na usome. Geuza mgongo kwenye jua ili mwanga uingie vyumbani, usilaze sega, lishike wima kama lilivyoning'inia, la sivyo litakatika. Chini ya chumba utaona yai jeupe, jembamba, limesimama. Yai lililosimama ni la leo au jana. Likikaa siku huinama, na siku ya tatu limelala. Ukiliona lililosimama huna haja ya kumtafuta malkia, alikuwapo hapo juzi tu. Majana yaliyofunikwa ya vibarua huwa bapa na ya hudhurungi, yamejazana. Yakiwa na mapengo mapengo, malkia amechoka au kuna ugonjwa, na kundi hilo usilitegemee kwa miembe.

Huu ndio wakati wa kuondoa masega meusi. Kila kizazi kinachotoka chumbani huacha ngozi nyembamba ukutani, na miaka ikipita chumba kinakuwa kidogo. Sega jeusi lisilo na majana likate, yeyusha nta. Ukiliacha tupu kwenye mzinga dhaifu, nondo wa nta watalijaza utando kabla mwezi haujaisha.

Baada ya hapo wape nafasi: viunzi vitupu viwili vitatu, kati ya majana na asali. Usivipachike katikati ya majana mvua zikiwa bado, utawagawia joto. Na hapa niwaombe mafundi seremala wetu: upana wa kiunzi ni milimita 32. Vile vya milimita 35 ni vya nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu wakipewa nafasi hiyo ya ziada hujenga masega yaliyopinda, yakavuka kiunzi hiki mpaka kile, na mzinga uliogharimu fedha unageuka kuwa gogo lisilofunguka.

Kuhusu sukari, msimamo wangu ni kwamba chakula cha nyuki ni asali uliyomwachia. Anayerina mpaka sega la mwisho kabla ya masika kisha akanunua sukari, amejipa hasara mbili. Lakini kundi likiwa na njaa kweli, usiliache life. Changanya sukari na maji uzito sawa kwa sawa, weka ndani ya mzinga, jioni, na juu yake tupia vijiti wasizame. Ukiweka nje unaita wezi kutoka mizinga mengine. Maua yakianza, sukari iondoke. Kumuuzia mtu sukari iliyopita kwenye sega ukaiita asali ni kumdhulumu.

Kijana mmoja wa Konde alinijia mwaka jana na malalamiko.

"Ami, nyuki wangu wamehama, na chakula walikuwa nacho."

"Maji je, mwanangu?"

Maji hayakuwapo karibu. Tulipokwenda kutizama, hata waya ulioning'iniza mzinga haukuwa na grisi, na tawi la mwembe lilikuwa limeshuka mpaka likagusa kifuniko. Majimoto, wale sisimizi wakali, walikuwa wanapita juu ya tawi hilo kama barabara. Kundi halihitaji sababu ya tatu. Pakaa grisi kwenye waya, kata majani na matawi yote yanayogusa, weka chombo cha maji safi chenye mawe ya kutulia, na ugeuze mlango usielekee kusini, maana kusi likianza kuvuma huingia moja kwa moja kwenye majana. Mzinga uinamishe mbele kidogo tu, maji ya mvua yatoke.

Makundi yakishapata nguvu, Juni na Julai, mengine yatataka kugawanyika. Alama yake ni vyumba vya malkia vinavyoning'inia ukingoni mwa chini wa sega, umbo la karanga. Vikiwa kimoja au viwili katikati ya sega, mara nyingi wanabadilisha malkia tu; waache. Vikiwa vingi ukingoni, kundi litatoka karibuni, na kuvikata vyote hakusaidii sana, watajenga vyengine. Mimi huona bora kuwa na mizinga mitupu imeshatayarishwa. Paka nta kwenye viunzi, sugua ndani kwa majani ya mchaichai uliopondwa, ambao harufu yake inafanana na ile nyuki wanayoitana kwayo, kisha utundike juu, kivulini, mbali kidogo na mizinga mingine. Pita kila baada ya siku chache. Nyuki wachache wanaoingia na kutoka bila chavua ni wapelelezi. Siku utakapoona chavua, wamehamia; usiwafungue mpaka ipite wiki mbili.