Chura wa Kihansi hakuuawa na bwawa peke yake

Masika yakishakolea Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi halilali. Ukipita Jangwani usiku, milio ya vyura inashindana na honi za daladala. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa hapa kwamba vyura wanatoweka duniani, atakuonyesha dimbwi lililo nyuma ya nyumba yake, na pengine akuongezee kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tumezoea kuwaona wengi, tena wasio na uzito.

Lakini wale wa dimbwini ni wa aina chache zinazovumilia joto, taka na makelele yetu. Aina zilizo hatarini ni nyingine. Nyingi hukaa sehemu moja tu duniani: kijito kimoja, msitu mmoja, korongo moja, na Tanzania tunazo za namna hiyo kwenye milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Tathmini ya dunia nzima iliyotolewa 2023 ilionyesha kwamba asilimia 41 ya aina za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, ziko katika hatari ya kutoweka. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya zaidi ya hiyo.

Dhana ninayoisikia zaidi, hata kwa watu waliosoma, ni kwamba chura wa Kihansi aliuawa na bwawa la umeme. Kisa kinasimuliwa kwa sentensi moja: bwawa likajengwa, maji yakakatwa, chura akafa. Anayesimulia hivyo ameacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayonikosesha raha.

Chura huyu hafikii sentimita 3, ana rangi ya dhahabu, na huzaa vitoto kamili bila kupitia hatua ya viluwiluwi. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la Kihansi, Udzungwa, katika eneo la takriban hekta 2 lililoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, maji karibu yote yalielekezwa kwenye mashine na manyunyu yakakatika. Hapo bwawa lina lawama, silifichi. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa kutunzwa Marekani, na korongoni ikafungwa mifumo ya mabomba ya kunyunyizia maji.

Vyura waliobaki wakaanza kuongezeka. Kufikia Juni 2003 walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Miezi michache tu baadaye wakaporomoka, na Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Mabomba yalikuwepo, maji yalikuwepo. Ila miili ya vyura waliokufa ilikutwa na kuvu iitwayo kitridi. Mwaka huohuo wa 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa kutoa tope, na wapo watafiti wanaolitaja hilo pia. Mimi naamini makao yaliyovurugwa yaliwadhoofisha na ugonjwa ukawamaliza. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Hapo huja hoja inayoonekana ya busara: ugonjwa hauwezi kumaliza aina nzima, kwa kuwa wagonjwa wakipungua, maambukizi nayo hukatika. Ingekuwa kweli kama kitridi ingetegemea aina moja tu ya chura. Lakini kuvu hii huambukiza mamia ya aina, na nyingine huibeba bila kufa. Vyura wa kucha wa Afrika Kusini ni mfano: tangu miaka ya 1930 walisafirishwa nchi nyingi kwa ajili ya vipimo vya mimba. Mbebaji akibaki kijitoni, anaendelea kumwambukiza yule dhaifu hata awe amebaki peke yake.

Tena inashambulia ngozi, na kwa chura ngozi ni mdomo na pafu. Anainywea maji, anaivutia hewa, na kwayo hudhibiti chumvi za mwilini. Kuvu ikiiharibu, chumvi hizo hushuka na moyo husimama. Utafiti wa 2019 ulihesabu aina 501 zilizopunguzwa na ugonjwa huu, na 90 kati yake zikidhaniwa kuwa zimekwisha kabisa.

Je, binadamu anaupata? Hapana. Na kumshika chura hakuleti chunjua. Chunjua huletwa na virusi vya watu wenyewe.

Wengine husema tena kwamba aliyetoweka porini ameondoka basi. Mwaka 2010 vyura 100 wa Kihansi walirudishwa kwa ndege wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapahapa Mlimani, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Kuwazalisha kwenye matangi kumewezekana. Kuitoa kuvu korongoni ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo ukitoka Dar kwenda kupanda Uluguru kisha Udzungwa, usibebe chura wala maji ya kijito, na buti zako zisuguliwe tope lote kabla ya safari ya pili. Kitridi hupenda ubaridi na unyevu wa milimani, nyuzi 17 hadi 25. Haivumilii ukavu. Buti zilizooshwa zikaanikwa kwenye jua letu mpaka zikauke kabisa haziipi nafasi ya kusafiri nawe.