GPL haikulazimishi kuanika msimbo wako kwa dunia nzima

Miongoni mwa vijana wa Mtwara wanaoandikia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za korosho programu za mizani na stakabadhi, kuna hofu ya miaka mingi: ukigusa programu yenye leseni ya GPL (leseni ya programu huria, zinazoruhusiwa kurekebishwa na kusambazwa), lazima umwage msimbo wako, yaani maandishi yanayounda programu, hadharani, tena bure. Sivyo. Wajibu huanza pale unapomkabidhi mtu mwingine nakala. Chama kikiirekebisha kwa matumizi yake ya ndani, hakidaiwi chochote. Ukikiuzia chama cha Masasi nakala (na kuuza ni ruksa kabisa), kipe na msimbo wake, umemaliza. Ila huwezi kukizuia kuusambaza. AGPL, leseni ndugu ya GPL, ndiyo kali zaidi: ukishairekebisha programu yenye leseni hiyo, hata wanaoitumia kupitia mtandao wana haki ya kuupata msimbo.

Kwenye kuchanganya leseni ndiko kwenye kazi. GPL toleo la 2 la mwaka 1991, pasipo ruhusa ya kutumia matoleo ya baadaye, haliunganiki na toleo la 3 la 2007 katika programu moja unayosambaza. Msimbo wa Apache 2.0, leseni nyingine huria, unaingia kwenye programu ya GPL toleo la 3, si la 2. Lakini kuweka programu mbili kwenye kompyuta moja ya ghala si kuziunganisha.