Chumvi ya kisima haiui kipindupindu

Nimeambiwa tena, safari hii Makorora, hapa Tanga mjini, na mtu mzima mwenye akili zake: "Bwana Afya, kisima chetu kina chumvichumvi, vijidudu havikai humo." Ushahidi wake ni ng'onda. Samaki akitiwa chumvi haozi, basi na maji ya chumvi hayana maradhi.

Ng'onda hufukiwa kwenye chumvi mpaka nyama ikakamaa, kisha akaanikwa juani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi; maji ya kisima unayoweza kupikia chai, ukaishia kukunja uso tu, kwa kawaida hayafiki gramu 3. Kwa kiasi hicho hata samaki ataoza.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mambo ni kinyume kabisa. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kwao hasa ni kwenye maji ya namna hiyo: midomo ya mito, mikokoni, popote maji baridi yanapochanganyika na ya bahari. Huko hujishikiza kwenye vidudu vidogo vya jamii ya kamba, wakaishi bila kumhitaji binadamu. Sodiamu, iliyomo ndani ya chumvi, wanaihitaji ili wakue. Kwa hiyo hiyo chumvichumvi unayojivunia, mzee wangu, ni kama umewatandikia mkeka.

Akishindwa hapo mtu hukimbilia la pili: ardhi inachuja. Mchanga mzuri, ndiyo, unachuja. Lakini nendeni Amboni mkaone mapango. Yale ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji yenyewe, na huku ufukweni tumekalia matumbawe ya kale yenye nyufa na matundu. Maji ya choo yakipata ufa hayachujwi, yanasafiri.

Ndiyo maana ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima naiandika kwenye fomu huku moyo unasita. Kwenye udongo wa kichanga inatosha mara nyingi. Kwenye jiwe lenye ufa, mita 30 huenda zisiwe kitu, na sina namna ya kuona ufa umeelekea wapi. Halafu kuna bamvua, bahari inapojaa na kukupwa kupita kawaida: visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka na maji ya bahari, na maji ya chini yakipanda yanaweza kufika kwenye shimo la choo ambalo jana lilikuwa kavu. Tena, kwa viwanja finyu vya Ngamiani, hizo mita 30 utazipimia wapi?

Kipimo nacho kina mipaka yake. Tunataka E. coli, bakteria wa kinyesi, sifuri kwenye mililita 100, na kisima kikipata sifuri mwenyewe hutamba mtaa mzima. Ile chupa imesema habari za siku ile tu. Mvua moja ya masika, chukua nyingine.

Kuchemsha: maji yatokote kweli, dakika moja yanatosha, yafunikwe. Klorini: ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Kuimimina kisimani mara moja na kuondoka hakusaidii kitu, maji mapya yanaingia usiku uleule. Itieni kwenye ndoo.

Sasa watu huniuliza kwa nini sivifungi visima vyote, maana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imetupa meno. Vingine nimevifunga. Lakini maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani yakikatika siku mbili, na kisima kimefungwa, mama wa nyumba atachota wapi? Mara nyingine huchota penye hali mbaya kuliko pale nilipofunga. Hapo vitabu vyangu vimenyamaza. Mimi huacha kisima wazi kwa kufulia na kuoshea choo, natia alama nyekundu ukingoni, na namwachia balozi wa nyumba kumi klorini ya kutia kwenye ndoo. Wenzangu wengine wanaona huo ni ulegevu.