Kubadilisha mchanga wa tangi la maji ya chumvi hapa Goma

Juzi mzee mmoja wa mtaa wa Himbi alinipigia simu asubuhi. "Fundi, mchanga umekuwa mweusi kwa chini. Nimeukoroga kidogo na kijiko, sasa nyumba nzima inanuka mayai viza." Nikamwuliza: "Mzee, samaki wako wapi?" Akasema wako juu kabisa, midomo usoni mwa maji. Nikamwomba awashe pampu zote, aweke kijiko chini, nami nikapanda pikipiki.

Mchanga wa tangi huchakaa. Miaka mitano, sita ya kinyesi na mabaki ya chakula hushuka kati ya chembe, fosfati, chakula cha mwani, hunata juu yake, na mwani haukomi hata ukibadilisha maji kila wiki. Hapo huna budi kuutoa. Wengi huogopa kwamba wakiutoa watapoteza bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Hofu hiyo ina msingi, lakini kama tangi lina mawe hai ya kutosha, yaani mawe ya bahari yenye viumbe ndani, bakteria wengi wamo mle kwenye mawe. Mimi, kwa mji huu, kwanza naogopea hewa ya majini.

Maji ya bahari yenye nyuzi 25 na chumvi ya gramu 35 kwa kilo, yakiwa pwani, hushika oksijeni ya kama miligramu 6.7 kwa lita. Tayari ni kidogo kuliko maji ya ziwa yasiyo na chumvi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mkandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 16, kwa hiyo maji yaleyale hapa hushika 5.6 hivi, tena pampu zikifanya kazi vizuri. Maelekezo mengi unayosoma yaliandikwa na watu wanaokaa usawa wa bahari. Ile akiba wanayoitegemea wao, sisi hatuna.

Sasa weka juu yake ule mchanga mweusi. Weusi ni chuma kilichoungana na salfa mahali ambapo oksijeni haifiki. Harufu ya mayai viza ni hidrojeni salfaidi. Ukitulia, vitu hivyo vinakaa chini bila kumdhuru mtu. Ukikoroga, vinapanda pamoja na uchafu wote uliozikwa, na vyote vinaanza kula oksijeni kwa wakati mmoja. Mtu wa Goma haelezwi jambo hili mara mbili: Ziwa Kivu lenyewe juu limetulia watu wanaogelea, na kilindini limebeba kaboni dayoksaidi na methani ambazo tunaomba zibaki hukohuko.

Nilijifunza kwa hasara yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini niliamua kubadilisha mchanga wa tangi langu mchana mmoja, samaki wakiwa ndani, nikichota kwa kikombe. Nilipofika nusu, umeme ukakatika. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Kabla sijapata betri, samaki wanne walikuwa wamelala ubavu. Nilipopima amonia jioni ile, haikuwa imepanda hata kidogo. Walikufa kwa kukosa hewa.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni kina. Mchanga wa sentimita tatu au nne unaweza kutolewa polepole, wanyama wakiwa ndani. Nautoa kwa theluthi, na kila theluthi naisubirisha wiki mbili. Sichoti. Nanyonya kwa mpira mpana wa kama sentimita mbili, mchanga na maji machafu vinakwenda pamoja moja kwa moja kwenye ndoo, uchafu haupati nafasi ya kupanda. Maji yale hayarudi. Ndiyo maana siku moja kabla nachanganya chumvi kwenye bidoni tatu za njano za lita 20, nikiziacha na pampu ndogo usiku kucha.

Mchanga ukizidi sentimita saba, au ukiwa na harufu kama kwa yule mzee, sithubutu. Kwanza navuta maji safi ya juu kujaza mabeseni, kabla mkono haujagusa chini. Samaki wanaingia beseni moja lenye hita na pampu ya hewa ya betri. Mawe beseni jingine, yamezama. Ndipo natoa mchanga wote, nasuuza tangi, narudisha. Kwa yule mzee tulianza saa tatu asubuhi, saa kumi jioni samaki walikuwa kwao.

Mchanga mpya naosha hadi maji yatoke safi, kisha naumimina kupitia bomba la plastiki linalofika chini, pampu zikiwa zimezimwa kwa muda huo tu. Tangi la sentimita 100 kwa 40, ukitaka kina cha sentimita tatu, ni lita 12 za mchanga, kama kilo 18. Juu yake nanyunyiza kikombe kimoja cha mchanga wa zamani, kutoka ile sentimita ya juu pekee, wenye minyoo na viumbe wadogo.

Hapa kila mteja huniuliza kuhusu mchanga wa volkano. Ni mweusi, unapendeza, na Nyiragongo imetuachia wa bure tangu 2002, ikaongeza 2021. Mimi nakataa. Chembe zake ni kali kwa samaki wanaolala mchangani, na nyingi zinavutwa na sumaku: zikinaswa kwenye sumaku ya kusafishia kioo, kwaheri kioo. Tunachotaka ni aragoniti, yaani mabaki ya matumbawe na makombe. Kama muuzaji anaapa kwamba ni yenyewe, dondoshea siki: aragoniti hutoa povu, lava inakutazama tu. Lakini usidanganyike kwamba aragoniti itakushikia pH, kipimo cha uchachu wa maji. Kwenye 8.2, pH ya bahari, haiyeyuki. Nyumba moja ya mtaa wa Katindo ilikuwa na pH ya 7.8 kila jioni, na dawa ilikuwa kuhamishia mbabula, jiko la makala, nje, maana kaboni dayoksaidi ya moto ilikuwa inaingia majini.

Amonia nayo ina zamu yake, ila inakuja baadaye. Pima kila siku kwa siku kumi. Katika pH ya bahari, sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara kumi kuliko kwenye maji ya pH 7, kwa hiyo kipimo kikionyesha rangi yoyote, badilisha robo ya maji na punguza chakula. Wiki ya pili au ya tatu mchanga mpya utavaa utando wa kahawia. Ni mwani wa mpito, waachie konokono.

Tukiwa tunapakia magunia ya mchanga wa zamani kwenye chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, mama wa nyumba akatoka. "Fundi, hii mchanga haiwezi kutusaidia kwa ukuta wa huku nyuma?" Nikamwambia, "Hapana, mama, ina chumvi, itakula nondo." Akaguna, akamwambia kijana wa chukudu aupeleke tu mbali na shamba lake la mboga.